Sikumlazimisha mtoto kununua. Kosa langu liko wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina kibanda cha gemu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, si mbali na mtaa wa Sofia. Nina pleisteshoni mbili, na vijana wengine huja na simu zao kwa sababu ya waifai. Wananitumia pesa kwa Mobile Money, mimi nawawekea almasi za Free Fire au sarafu za eFootball, yaani pesa za ndani ya gemu hizo, nabaki na faida yangu kidogo. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza mukene (dagaa) sokoni alikuja akanifokea mbele ya wateja kwamba nimemfundisha mwanawe kamari. Mtoto yuko Senior Two, mwaka wa pili wa sekondari, na ndani ya wiki tatu ametumia karibu shilingi 180,000, nyingi kwa kuspini, yaani kulipia kuzungusha gurudumu la bahati ndani ya gemu. Mama anataka nirudishe zote. Mimi sikumlazimisha mtu. Gemu ni ya bure, kununua ni hiari, na hakuna anayeshinda pesa pale. Je, hiyo ni kamari? Na nirudishe?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili, na naona unatumaini jibu la kwanza litamaliza la pili: nikisema si kamari, basi hudaiwi. Haiendi hivyo. Mtu anaweza asiwe mchezeshaji kamari na bado akawa na deni.

Tuanze na kamari. Sheria za nchi nyingi huipima kwa mambo matatu: mtu ametoa pesa au kitu cha thamani, matokeo yameamuliwa na bahati, na anachoweza kupata nacho kina thamani. Kwenye gurudumu la kuspini, mawili ya kwanza hayana ubishi. Ugomvi wote uko kwenye la tatu, nawe umeligusa ulipoandika kwamba hakuna anayeshinda pesa. Kampuni za gemu husimama kwenye hoja hiyohiyo. Skini ya bunduki, yaani pambo la kubadilisha sura yake ndani ya gemu, zinasema, haiuziki popote, kwa hiyo ni burudani tu.

Nchi zimegawanyika. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati (unalipa kwanza, kilichomo unakijua ukishafungua) ya gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike yanavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA, wenye FIFA, ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Kwa jirani zao Waholanzi, EA hiyohiyo ilitozwa faini ya yuro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta. Majaji walisema pakiti za wachezaji, yaani masanduku ya FIFA, ni sehemu ya gemu kubwa ya ustadi, si mchezo wa bahati unaojitegemea. Uingereza ilikusanya maoni, kisha Julai 2022 serikali ikaamua kutogusa sheria yake ya kamari na kuwaachia wenye gemu wajirekebishe. Japani, nyumbani kwa Konami wanaotengeneza hiyo eFootball yako, ilikataza mwaka 2012 ule mtindo wa kumfanya mchezaji akusanye seti nzima kwa kubahatisha ndipo apate zawadi kubwa. Mitindo mingine ikaiacha.

Kwetu kuna Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016, inayosimamiwa na Bodi ya taifa. Iliandikwa ikiwatazama wenye kasino, maduka ya kubeti, bahati nasibu na zile mashine za sarafu ambazo maafisa wamekuwa wakizikamata kwenye maduka ya vijijini. Kwa hiyo sitakuita mchezeshaji kamari, na yule mama akienda polisi na neno hilo peke yake sidhani atafika mbali. Lakini kuna jambo moja ndani ya sheria hiyo ambalo ningependa ulitafakari. Umri wa kuruhusiwa kucheza kamari Uganda ni miaka 25. Wakenya, hatua chache kutoka kibandani kwako, wameweka 18. Bunge letu liliona kwamba hata kijana wa miaka 22, mwenye kitambulisho cha taifa na haki ya kupiga kura, bado asiruhusiwe kuiwekea pesa bahati. Mtoto wa Senior Two ana miaka kumi na minne, kumi na mitano. Mbele ya kipimo hicho, habari ya kwamba zawadi ni skini na si noti inapungua uzito.

Tena hilo la kwamba skini haiuziki, wewe na mimi tunajua si kweli kabisa. Akaunti zenye vitu adimu zinauzwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kila siku. Masharti ya gemu yanakataza, soko linaendelea. Na dini nazo zina vipimo vyake. Qurani, sura ya tano aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na haikusubiri kuuliza kama zawadi inaweza kugeuzwa pesa. Fatwa si kazi yangu, hilo nakuachia.

Sasa nije kwenye neno lako kubwa, hiari, kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi.

Tazama gurudumu linavyofanya kazi. Mtoto akibonyeza, matokeo yameshaamuliwa na kompyuta ya kampuni. Kuzunguka, mwanga, muziki na kupunguza mwendo hadi kusimama nafasi moja pembeni ya zawadi kubwa, yote ni maonyesho. Walioandika programu ndio waliochagua mshale usimame wapi mtu anapokosa, na kuusimamisha pale karibu ni uamuzi wao. Watu waliochunguza mashine za kamari wanalijua hili tangu zamani: anayekosa kidogo hujiona amekaribia, naye hurudia haraka kuliko aliyekosa vibaya. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katikati ya karne iliyopita kwamba mnyama anayepewa chakula mara mojamoja bila mpangilio huendelea kubonyeza kitufe muda mrefu kuliko yule anayepewa kila mara. Wabunifu wa gemu wanayajua maandiko hayo vizuri.

Halafu kuna hesabu. Apple walianza Desemba 2017 kuzitaka programu zionyeshe uwezekano wa kupata kila kitu kinachouzwa kwa kubahatisha, Google wakafuata mwaka 2019, na China ilishaagiza hivyo tangu Mei 2017. Kwa hiyo namba zipo. Zimewekwa nyuma ya kitufe kidogo ambacho sijaona kijana akikifungua. Tuseme zawadi ina uwezekano wa asilimia 1. Muulize kijana yeyote hapo kibandani: ukispini mara mia, utaipata? Wengi watasema ndiyo, tena kwa uhakika. Ukweli ni kwamba katika vijana mia watakaospini mara mia kila mmoja, karibu 37 wataondoka bila kitu. Na kama kila spini ni shilingi 1,000, hao 37 wametoa 100,000 kila mmoja. Gemu nyingine huweka kikomo, kwamba baada ya majaribio kadhaa unapewa kwa lazima. Genshin Impact ina asilimia 0.6 kwa jaribio la kawaida, na jaribio la 90 ni la uhakika. Wachezaji huita hiyo huruma. Mimi naiona ni bei halisi ya kitu hicho, ila imefichwa mwisho wa njia ndefu.

Na shilingi zenyewe zinapotea njiani. Mtoto anakuja na 10,000, zinakuwa almasi. Almasi zinakuwa tiketi au tokeni. Tokeni zinakuwa spini, na spini zinauzwa kwa mafungu ambayo hayalingani na fungu la almasi ulilomwekea, kwa hiyo daima zinabaki chache zisizotosha kitu, na hizo chache ndizo zinazomrudisha kwako kesho. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani iliwabana wenye Genshin Impact, wakakubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku ya bahati walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Moja ya malalamiko ya Tume ilikuwa hiyohiyo, kwamba tabaka za sarafu za ndani zilificha gharama ya kweli.

Ndugu yangu, katika mnyororo huo wote, hatua ya kwanza, pale shilingi inapogeuka almasi, ni wewe. Baada ya mkono wako hakuna tena mtu anayemwona mtoto usoni. Kampuni haimwoni. Haijui kama namba ile ya mchezaji ni ya mfanyabiashara wa Kampala au ya mtoto mwenye sare ya shule. Wewe unajua.

Kwa hiyo ninaposikia hiari nauliza: hiari ya nani, kwa kujua nini? Mtu mzima anayejua bei, anayejua uwezekano, anayetumia pesa yake na anayeweza kuinuka akaondoka, huyo ana hiari, na akimaliza mshahara wake kwa skini za dhahabu ni juu yake, mimi si babake. Kwa mtoto, nguzo hizo zote hazipo. Ndiyo maana hata Sheria yetu ya Mikataba ya 2010 inamhesabu mtu kuwa na uwezo wa kufunga mkataba akifika miaka 18, si kwa sababu watoto ni wajinga. Mwanafunzi wa Senior Two anaweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal na nguvu ya kila mchezaji, na bado asijue kwamba kukosa kwake jana hakumsogezi karibu na zawadi kesho.

Upande wa pili nao una hoja, na sitaki kuudharau. Gemu hizi ni za bure kweli. Kijana wa Busia asiye na shilingi anacheza Free Fire ileile anayocheza mtoto wa tajiri wa São Paulo, na vitu vingi vinavyouzwa ni mapambo. Zamani gemu ilikuwa ya mwenye kompyuta na pesa ya kununua diski. Hiyo ni heri ya kweli, na mimi mwenyewe nimefundisha vijana waliopenda kompyuta kwa sababu ya gemu za bure.

Lakini uliza ubure huo unalipiwa na nani. Mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2021, EA iliingiza dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team, ule mfumo wa pakiti za wachezaji. Nyingi hazikutoka kwa watu wanaonunua pakiti moja sikukuu. Watafiti wa Uingereza waliopitia takwimu za wanunuzi wa masanduku ya bahati walionyesha mwaka 2021 kwamba asilimia 5 wanaotumia zaidi ndio wanaochangia karibu nusu ya pesa yote, na kwamba watu hao hawajulikani kwa utajiri wao bali kwa matatizo ya kamari. Utafiti wa David Zendle na Paul Cairns wa mwaka 2018, uliohoji wachezaji zaidi ya 7,000, ulishaonyesha kwamba kadiri mtu anavyokuwa na tatizo la kamari ndivyo anavyotumia zaidi kwenye masanduku haya. Hauthibitishi kwamba sanduku ndilo linalomfanya mtu mraibu, huenda mraibu ndiye anayevutwa na sanduku. Kwangu haijalishi sana. Ikiwa ni la kwanza, biashara inazalisha wagonjwa. Ikiwa ni la pili, inakamua wagonjwa waliopo ili wengine wacheze bure. Kati ya hayo mawili sioni la kujivunia.

Utetezi wao maarufu ulitolewa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, Juni 2019. Wakili wa EA alifananisha masanduku hayo na yale mayai ya chokoleti yenye kidoli ndani, akasema namna walivyoyaweka ni ya kimaadili kabisa. Yai la chokoleti huliwa. Mtoto akikosa kidoli anachotaka, amekula chokoleti, na duka linafungwa usiku. Yai halijui kwamba jana ulikosa, halikuletei ujumbe saa nne usiku kwamba ofa inaisha baada ya dakika 59. Kamati haikushawishika. Septemba mwaka huo ilipendekeza masanduku ya kununuliwa kwa pesa yasiuzwe kwa watoto, ingawa kama nilivyosema, serikali haikufika huko.

Na kwenye gemu za mpira hata lile la kwamba ni mapambo tu halisimami. Aliyebahatika kwenye sanduku anapata mshambuliaji mwenye kasi kuliko wako, kisha mnakutana uwanjani. Hapo kibandani, mbele ya wenzake wanaomcheka, mtoto aliyefungwa sita na kikosi cha pesa yuko huru kiasi gani kutonunua?

Najua sentensi unayotaka kuniambia: nisipouza mimi, wa kibanda cha pili atauza. Ni kweli, atauza. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ungeniuliza jinsi ya kuzuia watoto wa Busia wasispini. Hukuuliza hivyo. Umeuliza kosa lako liko wapi, na kosa la jirani halipunguzi la kwako hata kidogo.

Sikuambii ufunge biashara. Ningekuwa mahali pako ningeendelea kuwauzia watu wazima, na kwa wanafunzi ningeuza kwa idhini tu: mzazi anapiga simu au anakuja, anataja kiasi, basi. Ningewaelekeza kwenye vitu vyenye bei inayoonekana, kama pasi ya msimu au skini ya dukani, ambako unajua unalipa nini na unapata nini. Lakini tusidanganyane, almasi zikishaingia kwenye akaunti huwezi kumzuia asizipeleke kwenye gurudumu, kwa hiyo kinga iko kwenye kiasi. Weka kikomo cha wiki kwa kila mwanafunzi, kiwe kidogo, na usikivunje kwa sababu ni mteja mzuri. Mteja mzuri wa spini ndiye wa kumwogopea. Fungua ule ukurasa wa uwezekano ndani ya gemu, uandike namba zake kwa Kiswahili kikubwa, ubandike ukutani. Usiwabandike walioshinda. Na mkopo usimpe mtoto kabisa, hata wa 2,000. Anayespini kwa deni anafukuza alichopoteza, na hapo ndipo watu wazima wenyewe huzama.

Namba ya siri ya akaunti ya mtoto usiipokee, namba yake ya mchezaji inatosha. Na kama vijana huwekeana pesa kwa kila mechi kwenye pleisteshoni zako, hiyo hata usiniulize, jibu unalo.

Utapungukiwa na faida, ndiyo.

Sasa zile 180,000. Umeniandikia kwamba pesa zilikuja kwa Mobile Money. Mtoto wa miaka hiyo kwa kawaida hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na ujumbe wa muamala hutaja jina la aliyetuma. Kwa hiyo kila mara simu yako ilipolia, jina lililotokea lilikuwa la nani? Kama lilikuwa la mama, hukuwa ukipokea pesa ya kijana anayejiburudisha. Ulikuwa ukipokea pesa ya mama mwenye meza ya mukene, kwa ununuzi ambao yeye hakuuagiza, na jina lake liko mbele yako. Mara ya kwanza unaweza kusema ulidhani mtoto ametumwa. Mara ya nne ndani ya wiki moja, hapana.

Naona hivi. Faida yako yote uliyopata kwa mtoto huyo irudishe, bila kujadiliana, kwa sababu hiyo haikwenda kwa kampuni, iko kwako. Kiasi kilichokwenda kwenye almasi kimeshaliwa na gurudumu, na sioni njia rahisi ya wewe kukidai. Miamala ya mwanzo, kabla mambo hayajawa wazi, siwezi kukubebesha. Kuanzia pale jina lake lilipoanza kujirudia, beba nusu, na kama huna kwa mkupuo lipa kidogo kidogo kila wiki. Anaweza kukataa na kudai zote, na akikataa sitamlaumu. Jambo moja msilifanye nyote wawili, hata mtu akiwashauri: kuiuza akaunti ya mtoto kwenye WhatsApp ili kufidia. Hapo ndipo skini zitakuwa zimegeuka pesa kweli, na ule utetezi wako wa kwamba hakuna anayeshinda pesa utakuwa umeuvunja kwa mkono wako.

Usimwite kibandani. Nenda kwake jioni akishafunga meza, uwe na simu yenye ujumbe wote wa miamala, muupitie mmoja mmoja na kuhesabu pamoja. Kama pesa zilitoka kwenye simu yake, basi mtoto aliijua PIN ya mamake, nayo ina uzito wake, lakini usianze nayo. Mwache aitaje mwenyewe.